Masomo ya Ng'ambo kwa Mfuko Mdogo: Mwezi wa Saba Utakula Nini?

Haya ni mazungumzo ya ndugu yetu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi mjini Konya, Uturuki. Aliyatoa mwezi wa Shaaban katika kikao cha vijana na wazazi, madrasani kwetu, baada ya swala ya Isha. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tukapunguza machache tu.



Shukrani zote zamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu mwenyekiti, maalim wangu, wazee wetu, mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, na vijana wenzangu. Nimeombwa nizungumze kuhusu kusoma ng'ambo. Nadhani mwenyekiti alitaka niwatie hamu. Ameniambia, "Waeleze vijana uzuri wa elimu, waeleze Uturuki ilivyo." In shaa Allah nitaeleza. Lakini nina miaka mitatu na ushei sijakanyaga Mombasa, hii ndiyo mara yangu ya kwanza kurudi tangu 2022, na nikiwa nje nilijiapiza kwamba siku nitakayosimama mbele ya watu walionichangia nitawaambia ukweli. Baadhi ya walionichangia wamekaa hapa. Basi leo naleta hesabu ya amana yao.

Wengi wenu mnaikumbuka ile siku. Nilipata barua ya chuo kikuu cha serikali huko Konya. Babangu akaitembeza msikitini, wazee wakasema huyu ni mtoto wetu wa madrasa, hatuwezi kumwacha. Ukafanywa mchango mtaani kwetu Kisauni, zikapatikana shilingi 230,000. Mamangu akauza bangili zake mbili za dhahabu, zikaingia 115,000. Jumla 345,000. Wallahi nilipoziona zile pesa nilidhani nimetajirika. Sikuwahi kushika hata elfu ishirini zangu mwenyewe.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Usafiri wote, treni kutoka Mombasa, ndege kutoka Nairobi hadi Istanbul, na basi la usiku kucha hadi Konya, ulikula 70,000. Viza, kutafsiri vyeti na mihuri, 25,000. Karo ya mwaka wa lugha, maana huwezi kuingia darasani bila kujua Kituruki, 60,000. Amana ya mwenye nyumba pamoja na godoro na sufuria, 25,000. Hiyo ni 180,000, na bado sijala hata mkate. Nikabakiwa na 165,000.

Kuna dalali mmoja aliyenishughulikia makaratasi, akachukua chake, na yeye ndiye aliyeniambia, "Kijana, kule shilingi 15,000 kwa mwezi unaishi kama mfalme." Nikagawanya 165,000 kwa 15,000, nikapata miezi kumi na moja. Nikasema alhamdulillah, mwaka umekwisha, wa pili Mungu atajua.

Ndugu zangu, Mungu anajua, lakini sisi naye ametupa akili ya kuuliza. Sikumuuliza mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa Konya wakati ule. Nilimuuliza dalali, na dalali anajua bei ya kukupandisha ndege tu, ya kuishi haijui.

Nilifika mwisho wa Septemba 2022. Tulikuwa vijana wanne katika nyumba moja, mimi, Mtanzania mmoja wa Tanga, na Wasomali wawili. Sehemu yangu ya kodi, chakula, gesi ya kupikia na ya kupasha nyumba joto, na nauli, kwa mwezi ilikuwa kama lira 3,500. Kwa pesa zetu za wakati ule ni kama shilingi 23,000. Na kumbukeni Konya iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka baharini. Sisi watu wa Mombasa baridi tunayoijua ni ile ya mvua ya Mei. Kule theluji inalala barabarani, na maji yakimwagika nje usiku asubuhi ni barafu. Koti, viatu na nguo za ndani za baridi zikala kama shilingi 20,000, ambazo hazikuwa katika hesabu yangu kabisa.

Na bei hazikutulia. Oktoba mwaka huo huo, takwimu za serikali ya Uturuki yenyewe zilionyesha kwamba bei zimepanda kwa zaidi ya asilimia 85 katika mwaka mmoja. Mkate ulionunua wiki iliyopita, wiki hii una bei nyingine. Nyumbani nako shilingi yetu ikaanza kuporomoka. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123, na ilipofika Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Ilikuja kurudi karibu na 130 mwaka huo wa 2024. Yaani mwanafunzi anayetegemea pesa za nyumbani anapigwa pande mbili, huku bei zinapanda, na kule pesa anazotumiwa zinapungua nguvu.

Kisha tarehe 6 Februari 2023 likatokea lile tetemeko kubwa la kusini mwa Uturuki, mliliona katika televisheni. Watu zaidi ya 50,000 walifariki nchini Uturuki peke yake, Allah awarehemu. Konya haikubomoka, lakini waliopoteza nyumba walikimbilia miji kama yetu. Mabweni ya serikali yakafunguliwa kwa ajili yao, na masomo ya vyuo yakahamishiwa katika mtandao. Kodi za nyumba zikapanda. Sisi wanne tukawa saba, maana hatukuweza kuwafungia mlango wenzetu. Nilikuwa nikisoma Kituruki kwenye simu, nimekaa juu ya godoro, watu watatu wanapiga gumzo pembeni.

Pesa zangu zikaisha mwezi wa Machi. Nilikuwa nimepanga miezi kumi na moja, nikapata sita. Na wiki ile ile zilipoisha, ndipo Ramadhan ya mwaka 1444 ilipoingia.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana, hasa vijana. Msidhani njaa ndiyo iliyokuwa tatizo langu kubwa. Mwezi wa Ramadhan katika nchi ya Waislamu hulali na njaa. Manispaa huweka mahema ya futari, unakaa na watu usiowajua, unapewa supu ya dengu, wali, mkate na tende, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Nilikwenda kila siku. Tatizo langu lilikuwa aibu. Nilikuwa napiga picha ile sahani ya hemani, naituma nyumbani, naandika, "Mama, futari ya leo." Mamangu anawaonyesha majirani. Watu wanasema mashaallah, mtoto anakula vizuri, pesa yetu haikupotea. Nami daku nakunywa chai na kipande cha mkate nilichokifungia mfukoni kutoka hemani.

Kwa nini sikusema? Nilijiambia hivi: watu hawa wamenichangia, mamangu mikono yake haina bangili, leo nitapiga simu niseme zimekwisha? Watasema nimezila kwa anasa. Watasema mtoto amekwenda kuharibika. Basi nikaona bora ninyamaze. Nikakopa kwa Msomali mmoja, nikakopa kwa mwingine ili nimlipe wa kwanza. Ilipofika katikati ya Ramadhan nilikuwa na deni la kama shilingi 30,000.

Kisha jino likaanza. Jino tu, ndugu zangu. Bima niliyokuwa nayo ilikuwa ile ya bei rahisi, ya kupatia kibali cha kukaa nchini, na haikushughulika na meno. Kumbe mwanafunzi mgeni ana haki ya kujiunga na bima ya afya ya serikali ya Uturuki, lakini lazima aombe ndani ya miezi mitatu tangu kusajiliwa chuoni mara ya kwanza. Miezi mitatu ikipita, haki hiyo imekwenda. Mimi ilinipita kwa sababu nilitaka kuokoa pesa, na sikuuliza. Nikavumilia jino wiki mbili. Nikawa naweka karafuu niliyotoka nayo nyumbani. Wakati huo huo, tarehe 15 Aprili, ikiwa bado tuko katika mfungo, vita vikalipuka Khartoum. Nyumbani kwetu sote tulikuwa na jamaa au marafiki wanaosoma Sudan. Tukawa tunakesha na simu. Wanafunzi wa Kenya waliokuwa huko baadaye walirudishwa nyumbani, wengine wakiwa na nguo walizovaa tu, vitabu na vyeti vimebaki. Nikajiambia, wenzangu wako chini ya risasi, mimi nilalamikie jino?

Siku ya Idi mamangu akapiga. Kwa mwezi mzima nilikuwa nazima kamera, nasema mtandao ni mbaya. Siku hiyo akasema, "Leo ni Idi, nataka nikuone uso." Sikuwa na la kusema. Nikawasha. Shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limekuwa dogo, na mifupa ya shingo inaonekana. Mamangu hakupiga kelele. Alinyamaza, akanitazama, kisha akauliza neno moja: "Umekula?"

Wallahi nililia. Nina miaka ishirini, nina ndevu, nililia mbele ya wenzangu. Nikamwambia yote, pesa, deni, jino, picha za hemani. Babangu akachukua simu. Nilidhani atanifokea. Akasema, "Nenda kang'oe jino leo. Kesho utanitumia hesabu yote, usifiche hata lira moja. Pesa zikikwisha ni jambo la kawaida, lakini usitufanye sisi watu wa mbali." Kijana wa Tanga akanikopesha ya daktari, jino likang'olewa jioni ile. Akaniambia tukirudi nyumbani, "Bwana wee, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulikuwa wafa kwa ajili ya heshima." Waswahili wenzangu, methali hii tumeisoma darasa la nne sote. Kuielewa ni jambo jingine.

Sasa nije kwa wazazi na wazee wetu, na naomba radhi mapema maana mimi ni mtoto wenu. Sisi mchango tunaujua sana. Harusi tunachanga, maiti tunachanga, hospitali tunachanga, na mtoto akienda kusoma tunachanga. Allah awalipe kheri. Lakini tunachanga kama maiti. Siku moja, pesa nyingi, dua, watu wanaagana, basi. Maiti hahitaji kitu mwezi wa saba. Mwanafunzi anahitaji. Anahitaji mwezi wa saba, na wa kumi na saba, na wa thelathini na saba. Na kwa sababu tumempa kwa kelele, mbele ya watu, tumemfungia mlango wa kurudi kusema, "Zimekwisha."

Babangu baada ya Idi ile alifanya jambo jingine. Hakuitisha mchango tena. Aliwaendea watu mmoja mmoja, dukani, baraza za jioni, akawaambia, "Sitaki elfu kumi yako. Nataka elfu moja, kila mwezi, mpaka huyu amalize. Ukishindwa niambie, hakuna ubaya." Wakapatikana watu kumi na tano. Wako waliosema siku ya mchango hawakutoa kitu kwa sababu waliona haya kutoa mia tano mbele ya watu, lakini elfu moja kwa mwezi wanaiweza. Elfu kumi na tano kwa mwezi, babangu akaongeza elfu nane, zikawa 23,000. Karo ya mwaka akaibeba mjomba wangu wa Malindi. Haba na haba hujaza kibaba, na hili si la maneno, mimi nimekula kibaba hicho.

Nami nikapewa sharti. Kila tarehe 3 natuma hesabu ya mwezi uliopita, kwa maandishi: kodi kiasi hiki, nauli kiasi hiki, kitabu kiasi hiki. Tarehe 5 pesa zinatumwa. Hesabu isipokuja, pesa haziji. Mwanzo niliona kama wananidhalilisha. Kisha nikaona ndiyo nafuu yangu, maana mwezi ulioharibika naandika umeharibika, wanaona, wanaelewa. Januari moja niliandika, "Nimenunua viatu vya pili kwa sababu vya kwanza vimepasuka," na mzee mmoja akajibu, "Hivyo vya kwanza ulinunua wapi? Usinunue tena hapo." Tulicheka sana. Deni la Wasomali nililimaliza ndani ya miezi minane.

Na 23,000 zilitosha vipi, ikiwa bei zilipanda? Nilihama. Mwenzangu aliyebaki katika nyumba ile ile, vuli ya 2023 alikuwa akitumia kama lira 7,000 kwa mwezi, karibu shilingi 38,000. Mimi nikapata nafasi katika bweni la wakfu, chakula cha asubuhi na cha jioni kimo ndani. Mchana nakula bwalo la chuo, ambako mwanafunzi hulipa kidogo sana kuliko mkahawani. Nauli nanunua kadi ya mwezi ya mwanafunzi. Mkahawa wa kukaa na kahawa, hapana. Wakati mwingine nikipita nikisikia harufu ya kahawa namkumbuka muuza kahawa wa Mji wa Kale, napita. Kazi nayo msiitegemee. Mwanafunzi mgeni wa digrii ya kwanza, sheria haimruhusu kufanya kazi mwaka wa kwanza, na baada ya hapo kuna kibali. Wako wanaofanya kwa kujificha, wakishikwa wanaweza kupoteza kibali cha kukaa, na masomo yanakwenda nayo.

Basi kijana unayetaka kwenda, mimi sikukatazi. Nataka uende ukiwa umejibu maswali haya, uyaandike katika daftari, umwonyeshe babako na mamako.

Swali la kwanza: je, nimejaribu kupata masomo ya kulipiwa kabla ya kuomba mchango? Kuna Türkiye Bursları, udhamini wa serikali ya Uturuki. Kwa kawaida maombi hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Kwa digrii ya kwanza uwe chini ya miaka 21, na alama zako zisiwe chini ya asilimia 70, na kwa udaktari asilimia 90. Wanalipa karo, bweni, bima, posho ya mwezi, mwaka wa lugha, tiketi ya kwenda na ya kurudi ukimaliza. Kuomba ni bure. Dalali akikuambia kuna ada ya kuomba, mwambie ahsante, ondoka. Mimi sikuomba kwa sababu nilijua habari zake mwezi wa Aprili. Kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961, nacho kina udhamini wenye karo, malazi, posho na tiketi. Wenzetu wengi wa madrasa wana Kiarabu cha kutosha kuanzia, na hawajaribu.

Swali la pili: je, ni lazima niende mbali? Kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, pale Mbale, tangu 1988. Unapanda basi, unavuka mpaka kwa kitambulisho, huna mwaka wa lugha, na likizo unarudi nyumbani bila ndege. Mimi tiketi ya likizo hii nimeiwekea akiba miaka miwili. Ng'ambo ni ng'ambo, hata ikiwa ni Mbale.

Swali la tatu: nimezungumza na nani anayesoma huko sasa hivi? Nasema anayesoma, si aliyesoma miaka kumi iliyopita, wala dalali. Muulize kodi, muulize baridi, muulize bima, muulize jino. Dada zetu waulize pia habari za mabweni. Uturuki mabweni ya serikali ya wasichana ni mbali na ya wavulana, na jambo hilo limewatuliza wazazi wengi.

Swali la nne: shahada hii nikirudi nayo itakubaliwa? Kila taaluma ina bodi yake. Kwa wahandisi ni EBK kule Nairobi. Nenda ukaulize kabla ya kupanda ndege, sio miaka mitano baadaye ukiwa na joho.

Swali la tano: nina pesa ya kurudi nyumbani ambayo siigusi? Tumeona Khartoum, tumeona tetemeko. Bei ya tiketi moja iwekwe kwa mzazi au kwa mtu mwaminifu, iwe kama haipo.

Na swali la sita, ambalo ndilo lililonileta hapa: mwezi wa saba nitakula nini, na zikiisha nitamwambia nani? Andika jina la mtu huyo. Mmoja tu. Mtu ambaye ukimwambia "sina" hatakufanya ujute. Kama huna mtu huyo, usisafiri bado, mtafute kwanza.

Wazazi, nanyi mna swali lenu. Mkipiga simu, msiulize "Masomo vipi?" Kila mtoto atasema mazuri. Muulizeni, "Umekula nini leo?" Na mumwambie awashe kamera.

Masheikh zetu pia nawaomba jambo. Suala la mwanafunzi maskini na zaka, vijana hawalijui, na wenye mali wengine hawalijui. Mwezi unaoingia ndio mwezi ambao wengi hutoa zaka zao. Tufafanulieni katika darsa, nani anastahiki na nani hastahiki, ili mtu asipewe kwa huruma tu wala asinyimwe kwa kutojua.

Namalizia. Lile kundi la watu kumi na tano sasa ni watu ishirini na wawili. Mimi nimebakisha mwaka mmoja na muhula, in shaa Allah. Tangu mwaka jana wameanza kumsaidia mwanafunzi wa pili, dada yetu wa mtaa huu huu, yuko Mbale anasoma ualimu. Nikimaliza na kupata kazi, jina langu litaingia katika daftari lile upande wa wanaotoa, na babangu ameshaniambia elfu moja haitanitosha, mimi nitatoa tatu.

Mamangu yuko upande ule wa pazia. Bangili bado hajazinunua tena. Nimemwambia nitamnunulia, akanijibu, "Wewe kwanza ziba lile pengo la jino." Basi niombeeni dua, nimalize, nizibe yote mawili.

Nikikosea ni kutokana na nafsi yangu, na nikipatia ni kwa taufiki ya Allah. Ramadhan Karim ya mapema kwenu nyote. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.